Pampu ya Mafuta Inapochoka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari langu lilianza kunisumbua milimani. Kwenye barabara tambarare lilikwenda vizuri, lakini kila nilipokanyaga mafuta kupanda mwinuko lilikosa nguvu na kushtukashtuka, na mara mbili lilizima kabisa, likakataa kuwaka mpaka lipumzishwe kwa nusu saa hivi. Fundi niliyempelekea alinisikiliza kwa dakika moja, akasema pampu ya mafuta imekufa. Kwa kuwa nilikuwa na haraka na sikujua la kuuliza, nilinunua pampu nzima pamoja na kikombe chake cha plastiki, boya na kipimo cha mafuta, vyote vikiwa kitu kimoja kinachokaa ndani ya tangi. Siku ya tisa gari likazima tena, kwenye kilima kilekile.

Dalili alizozisikia fundi yule ni za pampu kweli, ila si za pampu peke yake. Filta iliyoziba huleta dalili hizohizo, kadhalika rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) iliyoungua miguu, waya uliooza, na hata kifuniko cha tangi ambacho tundu lake la hewa limeziba, kwa maana mafuta yanapovutwa na hewa haiingii mahali pake, pampu hubaki inavutana na tangi lenyewe. (Hilo la mwisho hupimwa bure: gari linapokosa nguvu, fungua kifuniko, ukisikia tangi likivuta pumzi kwa nguvu na gari likapona, umekwisha kupata mgonjwa wako.) Kwa mtu mwenye fedha kidogo, gharama kubwa katika kazi hii ni kununua pampu ambayo haikuhitajika. Ndiyo maana siku hizi sinunui chochote kabla ya kujua mambo mawili: je, umeme unaifikia pampu kikamilifu, na je, pampu inasukuma mafuta kwa presha inayotakiwa?

Huanza na sikio. Katika magari mengi yenye mfumo wa nozeli (vipuliza mafuta) zinazoendeshwa kwa umeme, ukifungua swichi bila kupiga stata, pampu huvuma kwa sekunde mbili au tatu kisha hunyamaza, nawe unaweza kuisikia ukiketi kiti cha nyuma huku redio na feni vimezimwa. Kimya hakithibitishi kwamba pampu imekufa, kwa sababu kuna magari, hasa ya zamani kidogo, ambayo pampu yake haiendi mpaka stata izunguke, na mengine huivumisha mara tu mlango wa dereva unapofunguliwa. Lakini kama gari lako lilizoea kuvuma na sasa halivumi, angalia fyuzi, kisha chomoa rilei ya pampu na uibadilishe na nyingine ya aina ileile kutoka kisanduku hichohicho, kwa mfano ya honi, ukihakikisha kwamba namba zilizoandikwa juu yake zinafanana. Baadhi ya magari pia yana swichi ya usalama inayokata umeme wa pampu gari linapogongwa, na swichi hiyo inaweza kuruka kwa sababu ya shimo kubwa la barabarani tu. Hurudishwa kwa kubonyezwa kwa kidole. Mvumo nao una habari zake: pampu iliyokuwa ikivuma kwa upole, kisha ikaanza kulia kwa sauti kali ya juu, mara nyingi imechakaa au inahangaika kuvuta kupitia kichujio cha chini yake kilichojaa uchafu.

Baada ya sikio ni mita ya umeme, na hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Fundi wa pili hakugusa pampu yangu mpya. Aliinua kiti cha nyuma, akaingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi ya pampu bila kuichomoa, akaniambia niwashe injini. Betri ilionyesha volti 13.9 lakini pampu ilikuwa ikipata volti 10.8. Akahamisha ncha moja hadi kwenye kibano cha hasi cha betri na nyingine akaiacha kwenye waya wa hasi wa pampu, mita ikasoma volti 2.7, mahali ambapo haikupaswa kusoma hata robo volti. Waya ule ulikuwa umefungwa kwa boliti kwenye bodi chini ya zulia la buti. Tulipoifungua, kijicho cha waya, yaani pete ya chuma ya mwisho wake, kilitoka na unga wa kutu wa rangi ya machungwa, na chini yake bati lilikuwa jeusi. Alikwangua mpaka bati likang'aa, akakata kijicho cha zamani na kubana kipya, akakaza boliti na kupaka grisi. Kazi ilichukua dakika ishirini, na kilima kikawa kilima cha kawaida.

Jambo la kuzingatia katika kipimo hicho ni kwamba lazima kifanyike pampu ikiwa inafanya kazi. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaonyesha volti zote plagi ikiwa imechomolewa, kisha ushindwe mara tu unapotakiwa kubeba ampea 4 hadi 8 ambazo pampu nyingi za kawaida hula. Kwa kawaida tofauti kati ya betri na pampu isizidi nusu volti, ikizidi volti moja kuna mahali umeme unapotea. Magari machache hupunguza umeme wa pampu kwa makusudi injini inapotulia, kwa hiyo soma kitabu cha ufundi cha gari lako kabla ya kulaumu waya. Itazame na plagi yenyewe: plastiki iliyobadilika rangi au kuyeyuka kandokando ya pini ni ushahidi wa joto, na pampu mpya ikichomekwa kwenye plagi ya namna hiyo haitakaa sana.

Umeme ukiwa mzima, pima presha. Geji ya presha ya mafuta si kitu cha kununua kwa ajili ya kazi moja. Azima au kodi. Mifumo mingi ya nozeli zinazopuliza kwenye manifoldi (mirija ya kuingizia hewa kwenye injini) huhitaji baa 3 hadi 4, yaani psi 43 hadi 58, lakini namba ya kufuata ni ile ya gari lako. Tazama mambo matatu: presha injini ikitulia, presha ukikanyaga mafuta ghafla, na muda inaochukua kushuka baada ya kuzima. Presha inayoanza vizuri na kuporomoka injini inapohitaji mafuta mengi yaweza kuwa ni pampu dhaifu, lakini yaweza pia kuwa ni filta, ambayo ni rahisi kuliko pampu na ambayo, kwa magari yenye filta ya nje, ningeibadilisha kwanza hata bila kushawishiwa. Presha inayoshuka mara tu unapozima injini hueleza kwa nini gari hupigwa stata ndefu asubuhi. Huenda vali ndogo ndani ya pampu haishiki, lakini kidhibiti presha au nozeli inayovuja huleta jambo hilohilo. Ukichomoa mpira mwembamba wa hewa kwenye kidhibiti na kukuta petroli ndani yake, tatizo ni kidhibiti.

Pampu yangu ilikuja kufa kweli miaka mitatu baadaye, na safari hiyo kipimo kilisema wazi: volti zote zilifika, pampu kimya. Nilipiga sehemu ya chini ya tangi kwa nyundo ya mpira huku mwenzangu akipiga stata, na gari likawaka. Ujanja huo husaidia brashi za kaboni zilizochakaa ndani ya mota zishike tena, lakini ni wa kukufikisha nyumbani tu.

Safari hii sikununua kitu kizima. Katika magari mengi pampu yenyewe ni mota ndogo ya mviringo inayokaa ndani ya kile kikombe cha plastiki, nayo huuzwa peke yake kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kitu kizima. Kama plastiki haijapasuka na kipimo cha mafuta kinasoma sawasawa, hakuna sababu ya kuvilipia upya. Chagua mota yenye presha na kiasi cha mafuta sawa na ya awali. Kubwa zaidi haiongezi nguvu ya injini, na inaweza kukupa presha iliyopita kiasi kama mrija wa kurudisha mafuta ni mwembamba. Kuhusu pampu zilizotumika, ushauri wangu ni kwamba kikombe na boya waweza kuvichukua kwenye gari lililokatwa, lakini si mota, kwa kuwa hujui imezunguka saa ngapi bila mafuta.

Kabla ya kufungua chochote, ogopa mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya kwenye shimo la gereji au kona ya chumba mpaka ukutane na cheche. Fanya kazi nje, weka kizima moto cha unga karibu, na usitumie taa ya balbu ya waya, kwa kuwa ikianguka na kupasuka yatosha kuwasha. Toa presha kwanza kwa kuchomoa fyuzi ya pampu injini ikiwa inaunguruma, uiache izime yenyewe, kisha ondoa hasi ya betri. Usinyonye petroli kwa mdomo. Kama gari lako halina mlango wa pampu chini ya kiti, tangi litashushwa, na lita 40 za petroli zina uzito wa kilo 30 hivi. Litoe mafuta kabla, kwa pampu ya mkono.

Futa vumbi lote juu ya kifuniko kabla ya kukifungua, kwa sababu litakaloanguka ndani litakuwa chakula cha pampu mpya. Weka alama ya jinsi kilivyokaa. Pete ya kukazia igonge kwa shaba au kipande cha mti, si kwa bisibisi ya chuma. Toa kikombe kwa kukiinamisha taratibu ili mkono wa boya usipinde, maana ukipinda kidogo tu geji itakudanganya daima. Oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya zamani huvimba inapotoka kwenye petroli na haikubali kurudi mahali pake, hivyo nunua mpya pamoja na kichujio kipya cha chini.

Kosa langu nililifanya mwishoni. Mpira mfupi unaounganisha mota na mrija wa juu ulipasuka nilipouchomoa, nami nikakata kipande cha mpira wa mafuta wa kawaida, ule wa kupita chini ya gari, nikaubana kwa klampu. Baada ya wiki tatu dalili za kilimani zikarudi. Nilipofungua, mpira ule ulikuwa umevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa, ukiwa na mpasuko mdogo kando ya klampu, na mafuta yalikuwa yakirudi tangini badala ya kwenda injini. Mpira wa kawaida umetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani tu. Unaozama tangini lazima uistahimili na kwa nje, nao huandikwa SAE 30R10. Tangu hapo nasoma maandishi ya mpira kabla ya kuukata.

Nilipomaliza mara ya pili nilirudisha betri na fyuzi, nikafungua na kufunga swichi mara nne ili presha ijae bila kupiga stata, kisha nikamulika kifuniko kwa tochi kutafuta unyevu kabla ya kurudisha kiti. Petroli ndiyo inayoipoza pampu na kuilainisha, kwa hiyo siku hizi sishuki chini ya robo tangi.

Kuna kazi moja ambayo siigusi kabisa. Magari yanayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda yana pampu ya pili kwenye injini, inayofanya kazi kwa zaidi ya baa 100, na mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi. Pampu ya tangini ya gari la namna hiyo waweza kuipima umeme kama nilivyoeleza, lakini mirija ya upande wa injini mwachie mwenye vifaa vyake.