Re: Mguu ulirudi nyuma ya mstari wa kati, refa mbona hakupuliza?

Mkuu, kwa ulivyoeleza, kijana wako alikuwa anadunda mpira, akavuka mstari wa kati kwa mguu mmoja kisha akaurudisha nyuma; refa alikuwa sahihi kutopuliza. Kwenye mpira wa kikapu wa vyuo Marekani, anayedunda akivuka mstari wa kati hahesabiki amevuka mpaka miguu yote miwili na mpira viguse nusu ya mbele (upande ambao timu yake inashambulia). Kijana wako alikuwa na mguu mmoja tu mbele, kwa hiyo kuurudisha si kosa. Ila hesabu ya sekunde 10 za kuvusha mpira hadi nusu ya mbele inaendelea, na hapo ndipo ningemkagua refa. Akishavuka kamili, kukanyaga mstari tu ni kosa, maana mstari wenyewe ni wa nusu ya nyuma.

Makosa ya marefa yapo na yanauma. Nusu fainali ya vyuo ya 2019, Ty Jerome wa Virginia alifanya kosa la kudunda mara mbili (kudunda tena baada ya kuushika mpira) bila filimbi, Auburn wakatolewa 63-62.