Kunena kwa lugha na kukiri kwa imani: jibu kwa dada aliyeambiwa "bado hujajazwa"

Bwana Yesu asifiwe. Dada, umeuliza mambo mawili. Umeokoka muda mrefu na hujawahi kunena kwa lugha, yaani kuomba kwa maneno ambayo mwenyewe huyajui, na kiongozi wa maombi akakuambia Roho bado hajakushukia. Tena ulipomwambia kichwa kinakusumbua, alikukemea uache kukiri ugonjwa, yaani kuutamka kwa kinywa chako. Mimi naomba kwa lugha karibu kila siku, na kukiri Neno kwa sauti ni sehemu ya maombi yangu, kwa hiyo siongei kama mtu aliye nje ya mambo haya. Ninavyoona, kote kuwili umebebeshwa mzigo ambao Biblia haikukubebesha.

Nianze na lugha. Paulo anawauliza Wakorintho, "Wote wanena kwa lugha?" (1 Kor 12:30), na ukisoma maswali yaliyotangulia utaona jibu analolitarajia ni hapana. Wanaofundisha kwamba kila aliyejazwa Roho lazima anene kwa lugha wana hoja yao, nami siidharau: katika Matendo 2, 10 na 19 watu walishukiwa na Roho wakanena. Lakini katika Matendo 8 Wasamaria walimpokea Roho kwa kuwekewa mikono, na lugha hazitajwi kabisa. Fundisho kwamba lugha ndiyo ushahidi wenyewe wa kujazwa Roho lilishika kasi kwa mhubiri Charles Parham huko Topeka, Kansas, Marekani, mwaka 1901, kisha likasambaa pamoja na uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, ulioanza 1906. William Seymour aliyeuongoza uamsho ule alikuja kusisitiza kwamba mtu akinena kwa lugha na hana upendo, lugha hizo hazithibitishi kitu. Hilo limesemwa na mtu aliyewaona wanenao kwa macho yake, usiku baada ya usiku.

Mimi niliwahi kusimama kwenye foleni ya kuwekewa mikono, na pembeni yangu mtu ananinong'oneza silabi: "Rudia haraka haraka, usifikiri." Sikurudia. Lugha ilinijia baadaye, nikiwa peke yangu chumbani, nikimwombea ndugu yangu aliyekuwa kwenye shida kubwa. Nilikuwa nimeshasema yote niliyoyajua. Maneno yakaisha, mzigo ukabaki palepale kifuani. Ndipo zikatoka sauti nisizozijua, polepole, bila kelele wala kutetemeka. Nilitambua kwamba naweza kunyamaza, nikanyamaza; nikafungua kinywa tena, zikaendelea. Hili ulishike sana, maana wengi wanaogopa kwamba watapagawa. Paulo anasema roho za manabii huwatii manabii (1 Kor 14:32), na anampa anenaye amri ya kunyamaza panapokosekana wa kufasiri. Asiyeweza kujizuia asingepewa amri hiyo.

Inafanya nini ndani ya mtu? Paulo analieleza kwa maneno machache: "roho yangu huomba, lakini akili zangu hazina matunda" (14:14). Mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti wa picha za ubongo za wanawake watano waliokuwa wakinena kwa lugha, wakaona shughuli za sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayoitumia kupanga na kudhibiti mambo, zimepungua kuliko walipokuwa wakiimba. Picha ya ubongo haiwezi kuonyesha lugha inatoka kwa nani, na watu watano ni wachache, lakini anayeomba hivi ataitambua hali hiyo. Mimi huiona zaidi ninapomwombea mtu ambaye hata sijui nimwombee nini.

Ila Paulo haishii hapo. Anaagiza anenaye aombe apewe kufasiri, na ataomba kwa roho na kwa akili pia. Kwa hiyo nikishanena hunyamaza kidogo, halafu naendelea kwa lugha ninayoielewa. Mara nyingine hapo ndipo linaponijia jina la mtu ninayepaswa kwenda kupatana naye. Linalonijia nalipima kwa Maandiko, na likipingana nayo naliacha. Mkutanoni, asipokuwepo wa kufasiri, sishiki kipaza sauti na kunena. Agizo la 14:28 liko wazi, na linavunjwa sana.

Sasa kukiri. Mstari unaotumika sana ni 2 Wakorintho 4:13, kwamba tuliamini na kwa hiyo tunanena. Wachache wanakumbuka Paulo ameutoa Zaburi 116:10, na mwenye zaburi, akiisha kusema aliamini, anachokitamka ni kwamba ameteswa sana! Imani yake ndiyo iliyompa ujasiri wa kuyataja mateso yake mbele za Mungu. Paulo naye aliandika bila kuficha kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Tim 4:20), na kwamba Timotheo ana shida ya tumbo na maradhi ya mara kwa mara (1 Tim 5:23).

Nilimsindikiza hospitali mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi. Muuguzi, kalamu mkononi, akamuuliza anaumwa wapi. "Mimi ni mzima kwa jina la Yesu." Akaulizwa tena, jibu lilelile, huku kiganja amekikandamiza ubavuni. Nilimwinamia nikamwambia, "Mama, Bartimayo aliulizwa na Yesu mwenyewe anataka afanyiwe nini, akasema wazi apate kuona." Akanitazama kitambo, kisha akamwonyesha muuguzi mahali panapouma. Nawe kichwa chako nenda kikapimwe, na umweleze daktari kila kitu.

Kukiri kwangu ni hivi: namwambia Mungu maumivu kwa jina lake, halafu nasoma ahadi kwa sauti mpaka masikio yangu yaisikie. Usiku wa hofu hunisaidia kuliko kusoma kimya. Na ukiri mkuu wa Warumi 10:9 ni kwamba Yesu ni Bwana. Huo dada unao tayari.

Ukitaka kuwekewa mikono tena, nenda, karama njema huombwa. Mwambie mapema anayekuombea kwamba hutarudia silabi zake. Akikataa, omba nyumbani; nyumbani kwa Kornelio (Matendo 10) hakuna aliyewekewa mikono, Roho aliwashukia Petro akiwa bado anahubiri.