Silikoni huvimba au hutanuka?

Swali: Shikamoo mzee. Nafundisha kemia sekondari hapa Iringa. Nimewaandikia wanafunzi makala kuhusu betri za lithiamu, nikasema silikoni ya kwenye anodi, yaani upande hasi wa betri, "huvimba" betri inapochajiwa. Mwenzangu amelifuta neno hilo akaweka "hutanuka", eti kuvimba ni kwa jipu na kwa mtu mwenye hasira. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Rudisha neno lako.

Reli ya TAZARA inayopita huku kwetu Mbeya hutanuka jua likiwaka, na usiku wa baridi ya Juni husinyaa. Chuma ni kilekile, hakuna kilichoingia ila joto. Lakini maharage uliyoloweka jioni, asubuhi ukayakuta yamejaa sufuria, nani atasema yametanuka? Yamevimba, maana yamekunywa maji.

Silikoni ni ya upande wa maharage. Unapochaji, lithiamu huingia ndani yake. Gramu moja ya silikoni inaweza kubeba chaji ya miliampea-saa 3,600 hivi, ilhali grafiti, ile kaboni iliyozoeleka kwenye anodi, huishia 372. Ndiyo maana watafiti hawachoki nayo. Ila ikishiba mzigo huo, ujazo wake hufika karibu mara 4 ya ule wa mwanzo, wakati grafiti huongezeka kama asilimia 10 tu. Hapo ndipo hupasuka, kama ganda la harage lililolowekwa kupita kiasi. Utando unaoikinga nao huchanika, mwingine hujengeka, na kila utando mpya hula lithiamu, betri ikazidi kuchoka. Kwa hiyo wengine huisaga iwe chembe ndogo mno zisizopasuka kwa urahisi, wengine huichanganya kidogo tu na grafiti.

Jambo moja tu la kuangalia: mafundi simu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wakisema "betri imevimba", wanasema kweli, lakini hiyo ni gesi iliyojaa ndani, na betri hiyo haifai tena. Basi mtaje mtendaji kila mara, silikoni, mwanafunzi asidhani betri nzima inafura kila ikichajiwa.

Na lithiamu inapotoka, usiandike "husinyaa". Hilo tuwaachie reli. Mama akikukanda mguu ulioteguka, kesho yake huuliza kama uvimbe umenywea. Andika hivi: silikoni huvimba betri inapochajiwa, hunywea inapotumika.