Paka wangu na "kakati" ya barabarani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimezawadiwa dungusi kakati na ndani nina paka wawili. Nigawe paka au nigawe ua?" Nilicheka, kisha usingizi ukanipaa. Swali hilo mimi nililijibu kwa machozi mwaka jana.

Jibu lenyewe fupi. Dungusi kakati ya kweli, yaani cactus, haina sumu kwa paka. Mpungate ni kakati pia, ogopa miiba yake tu; na hata ile kakati ya Krismasi inayoning'inia haina sumu. Hilo nililijua. Na bado yalinikuta.

Nilitaka dirisha la kijani kama mnavyolitaka nyie wote. Nikanunua mbili kwa muuza maua wa barabarani, zimepandwa kwenye makopo ya rangi. Moja ina masikio kama ya sungura, yenye vidoa vya manyoya ya njano. Nyingine ndefu, ina pembe tatu na vijani kwenye kingo. "Zote kakati hizo, mama, hata maji hazitaki."

Ile ya masikio ilinionya mapema. Kichuna, paka wangu, alijisugua nayo shavu, kumbe yale manyoya ni miiba myembamba kama unywele. Jioni nzima namng'oa miiba kidevuni kwa kikoleo cha nyusi, tochi ya simu nimeibana kwa meno. Vidole vyangu viliwasha siku tatu.

Lakini ni ile ndefu iliyonitia adabu. Jumapili asubuhi nakuta kopo liko chini, tawi limevunjika, maziwa meupe yanachuruzika kwenye vigae. Kichuna kajificha chini ya kochi, mate yanamtoka kama uzi, jicho moja limefumba. Nilipoona maziwa yale mwili ulinisisimka. Nimekulia Singida mimi, boma letu uzio wake ulikuwa minyaa. Bibi alituchapa tukivunja hata kijiti, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Halafu nakuja mjini, nanunua ndugu yake mnyaa kwa pesa yangu, naweka sebuleni!

Nilimwosha jicho kwa maji mengi, nikamfunga kwenye kanga, bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo. Wiki nzima ya dawa ya matone. Wifi yangu alinichekea mbele ya wageni: "Paka naye anapelekwa hospitali?" Sijasahau, wifi, na najua unasoma hapa.

Jamani, mnyama hawezi kusema "mama, linaniuma." Wewe uliyemfungia ndani ndiye mdomo wake. Huwezi kumpenda kwenye picha tu, halafu ukashindwa kukagua ua la elfu tano.

Kukagua kwenyewe ni sindano. Choma kidogo kabla hujalipa. Yakitoka maziwa, liache, liitwe jina lolote. Angalia na miiba: ya dungusi ya kweli huota kwenye vidoa vyenye manyoya. Mshubiri nao, hata kama ni dawa yako ya ngozi, paka akiutafuna atatapika na kuharisha. Yungiyungi la bustani (lily), si lile la majini, usilete kabisa, linaua figo za paka. Na msiniambie mtaweka juu ya kabati. Paka huyo huyo anayelala juu ya kabati?

Nilimrudia yule muuza maua na sindano yangu. Nikachoma moja mbele yake, maziwa yakatoka. Akaangalia, "Kumbe!", akataka kufuta kwa kidole nikamshika mkono. Sijafika hata kituoni, namsikia nyuma yangu: "Kakati hiyo, dada, hata maji haitaki."