Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu miche iliyokufa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Njoro. Sisi tu wazima. Mguu wa baba yako umepona, na ng'ombe amezaa ndama jike. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili, kisha nikarudi shambani, maana sikutaka kukujibu mbio mbio. Uliniandikia hivi: "Mama, miche mia tatu tuliyopanda kwenye msitu wa Mau mwezi wa Novemba, tumerudi tukahesabu ishirini na sita tu iliyo hai. Tulikuwa tunajidanganya? Na nyinyi mlioishi kando ya msitu miaka yote hiyo, mbona hamkusema kitu ukikatwa? Niendelee, au nitulie na kazi yangu ya ofisi kama wenzangu?"

Nianze na miche, kwa sababu miche naijua.

Picha zako nilizitazama nimevaa miwani. Ile yenye mtarakwa uliokauka ukiwa wima, angalia chini kabisa: ukingo mweusi wa plastiki umechungulia kwenye udongo. Aliyeupanda hakuuvua kifuko. Mizizi ilizunguka mle ndani ikitafuta pa kutokea hadi ikachoka. Picha nyingine ina nyasi za kufika magoti, na mche umo katikati kama mtoto aliyepotea sokoni. Nyasi hunywa kabla ya mche, siku zote. Ya mwisho ina alama za kwato. Halafu mlipanda Novemba, siku ya taifa ya kupanda miti, mvua ikiwa mkiani. Desemba jua likaingia, ikaja Januari, ikaja Februari, na kiangazi cha Nakuru unakijua. Mche wa Aprili hupata miezi ya kushika ardhi kabla ya kuonjeshwa jua kama lile.

Kwa hiyo, hapana, hamkujidanganya. Mliondoka mapema. Basi lilipowarudisha Nairobi jioni ile, kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi nyumbani na kucha nyeusi? Kile kibarua cha kitaluni, pale tulipootesha miche, ndicho kilichokusomesha. Wiki za mwisho kabla ya miche kutolewa tulikuwa tunaipunguzia maji na kuondoa kivuli kidogo kidogo, ili izoee jua. Tulipitisha waya chini ya vifuko kukata mizizi iliyotaka kuzama ardhini. Siku ya kupanda, mche umenyweshwa tangu jana yake. Unachana kifuko kwa wembe upande mmoja, unalishika donge la udongo kwa viganja viwili lisivunjike, unalitua shimoni, unarudisha kwanza ule udongo wa juu wenye rutuba, kisha unakanyaga kwa kisigino. Halafu unashika jani moja kwa vidole viwili na kulivuta. Likikatika jani na mche ukabaki, umepanda. Mche ukija pamoja na jani, rudia. Foromani wetu alikuwa akipita nyuma yetu akivuta majani, na ole wako.

Kabla ya hapo, nikiwa msichana, tuliishi kijiji cha wafanyakazi wa msitu. Babu yako alipewa kipande palipovunwa miti, alime viazi na mahindi katikati ya mistari ya saipresi michanga. Ukipalilia viazi vyako, umepalilia na mche wa serikali. Miaka mitatu hivi ikipita kivuli kinafunga, mnahamia kipande kingine. Ndio uliokuwa mfumo wa shamba. Mwaka 1987 ulipigwa marufuku, na siwezi kukuambia kwamba ulionewa, kwa sababu ulikuwa umeharibika: kuna waliosogeza mipaka, na kuna walioua miche usiku ili wasihamishwe. Lakini ulipoondoka, sehemu nyingi zilizovunwa zilikaa miaka bila kupandwa tena. Baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 ulirudi kwa sura nyingine, kupitia vyama vya jamii vya misitu. Ninachotaka ukione hapo ni kile kiazi. Babu yako hakuamka alfajiri kwa kupenda saipresi. Alikuwa na chakula chake mguuni pa mche, kwa hiyo kila juma mche ulionwa na mtu mwenye jembe mkononi. Miche yenu mia tatu ilikuwa na nani?

Wangari Maathai, ambaye picha yake umeiweka ukutani tangu kidato cha pili, alipitia hayo hayo. Tarehe 5 Juni 1977 walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mitano ilikufa. Mwanzo wa Green Belt Movement yote, lile vuguvugu lake la kupanda miti, ni miti miwili iliyobaki, mwanangu, na wewe una ishirini na sita. Lakini angalia alivyofanya baadaye: akina mama wa vijijini walilipwa senti chache kwa kila mche ulioishi. Kupanda tu hakukulipwa. Alijua mtu akihesabiwa mashimo atachimba mashimo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 watu wanaikumbuka, ila mimi nikimfikiria huwaza zile hesabu ndogo za vikundi, mtu akizunguka na daftari kuuliza mche wa nani uko hai.

Sasa swali lako la pili, ambalo lilinikosesha usingizi. Mbona hatukusema?

Mwaka 2001, mwezi wa Februari, serikali ilitangaza kwenye gazeti lake rasmi nia ya kutoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki zisiwe msitu tena. Muda wa kupinga ulikuwa siku 28. Gazeti hilo halikufika kijijini. Mimi nilisikia sokoni, mwanamke wa vitunguu akimweleza mwenzake, na siku zenyewe zilikuwa zimekwisha. Wako waliopinga, hadi mahakamani, lakini wengi wetu tuliogopa. Nilikuwa kibarua, sina barua ya ajira, nina wewe mgongoni. Palikuwa na mteremko ambao miche yake niliitoa kitaluni kwa mikono yangu. Siku moja nilipita pale nikakuta visiki, na magogo yamepangwa kando ya barabara, na utomvu bado unatoka. Nilisimama. Kisha nikaenda zangu nyumbani nikapika. Hilo ndilo jibu langu, na silipambi.

Mto Njoro wewe mwenyewe uliuona. Tulikuwa tunachota maji mwaka mzima, kisha ukawa wa masika tu, kiangazi mawe matupu, na mvua ikija unashuka mwekundu kwa tope hadi Ziwa Nakuru. Ziwa nalo nimeliona likitaabika pande zote mbili. Katikati ya miaka ya tisini lilikauka karibu lote, upepo ukipeperusha vumbi jeupe la magadi. Miaka ya karibuni limejaa mpaka likameza lango la zamani la hifadhi, na migunga imekufa imesimama majini. Maji yakizidi magadi huzimuka, mwani unaoliwa na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, hupungua, nao huhamia Ziwa Bogoria. Sababu za kujaa huko ni nyingi, siwezi kuzibandika zote Mau. Ila tope la mto wetu nalijua linakotoka.

Ndiyo maana sitakuambia utulie. Sauti yako ni kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba wewe binafsi umeumia. Tungekuwa na hicho mwaka ule! Yule mama wa vitunguu angeweza kushtaki. Endelea kusoma matangazo ya serikali ambayo sisi hatukuyaona, mwanangu, na ukiona siku zinahesabiwa, piga kelele kabla hazijaisha.

Kazi yako ya ofisi usiiache. Najua hupendi kusikia hivyo. Nimewaona vijana wenye moto kama wako wakiacha kila kitu, na njaa ilipowashika wakaanza kufuata kila mwenye bahasha, hata wale waliokuwa wakiwapinga. Mshahara wako ndio utakaokufanya uweze kukataa. Jumamosi zinatosha, zikiwa nyingi.

Na punguza. Badala ya mia tatu, chukueni hiyo ishirini na sita. Nimeongea na mwenyekiti wa chama cha msitu cha huku kwetu. Anasema kuna akina mama wanaolima viazi hatua chache kutoka hapo mlipopanda, na wako tayari kupanua mipaka ya palizi yao hadi kwenye miche yenu ikiwa mtakuja kuongea nao kwa heshima, bila kamera siku ya kwanza. Fyekeni duara la hatua moja kila mche, wekeni nyasi kavu chini, na miiba kuzuia ng'ombe. Wembe nitaleta mimi, kwa ile miche ambayo bado imefungwa kifukoni.

Jambo la mwisho. Mti ule mkubwa wa muiri wa kando ya mto, ambao gome lake waliwahi kulichuna nusu ili kuuza kwa dawa ya tezi dume, umepona na umeanza kuangusha matunda. Asubuhi nimekuta mbega wanayala. Mbegu za muiri hazikai. Unazitoa nyama, unaziosha, na unazipanda zingali mbichi, la sivyo zinakuwa kokoto. Nimeshajaza mchanga kwenye trei mbili na beseni la kuoshea liko tayari. Njoo Jumamosi hii, na uvae viatu vya matope.

Ni mimi mama yako.