Chelewesha Ramani: Ushauri kwa Wasanifu Majengo Chipukizi

Wanafunzi wengi wa usanifu majengo wanaonionyesha kazi zao huanza na ramani ya sakafu kwenye kompyuta, na shida ni kwamba programu hudai vipimo kamili kabla mbunifu hajajua anatafuta nini. Ukuta ukishapewa milimita huonekana umekwisha kuamuliwa, na mwenyewe huona uchungu kuufuta. Ushauri wangu ni kuichelewesha ramani, na kwanza kuchagua aina ya mchoro inayoweza kujibu swali moja unalolijua wazi.

Antoni Gaudí, msanifu majengo wa Hispania, alitaka kujua matao na nguzo za kanisa la Colònia Güell, karibu na Barcelona, zisimame kwa mwinamo gani. Kabla ujenzi haujaanza mwaka 1908, alitumia miaka mingi kuning'iniza kamba zenye vifuko vya punje za risasi vilivyowakilisha uzito wa jengo, akazipiga picha, akazigeuza picha hizo juu chini na kuzichora juu yake hadi kuta zikaonekana. Kamba inayoning'inia huvutwa tu. Umbo lake likipinduliwa linakuwa tao linalobanwa tu, hali ambayo mawe na matofali huimudu vizuri. Kazi ilisimama mwaka 1914 ikiwa imejengwa sehemu ya chini pekee.

Njia hiyo naitumia hadi leo. Natundika mkufu mwembamba wa chuma kwenye ubao wa plaiwudi, nafunga nati pale paa litakapobeba mzigo mkubwa, napiga picha kwa simu, naigeuza na kuichapisha, kisha natandaza juu yake karatasi ya kufuatishia na kuanza kuchora. Ukisogeza nati moja, tao lote hubadilika sura mbele ya macho yako.

Kwa swali la kivuli nachora mkato mkubwa wa baraza (mchoro unaoonyesha jengo kama limekatwa wima) kwa makaa, nikiongeza vivuli vya saa mbalimbali juu ya karatasi ileile. Dar es Salaam jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kwa miezi mingi, lakini tangu katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi huhamia kusini. Kwa hiyo chora misimu yote miwili kabla hujakata urefu wa upenu.

Wengi huvutiwa na michoro ya rangi ya msanifu majengo Zaha Hadid ya shindano la kubuni klabu ya The Peak, Hong Kong, la mwaka 1983, nami naiheshimu sana, ila kuiga mistari yake ya mshazari bila swali lako mwenyewe hakukufikishi mbali.

Hatimaye pima urefu wa tao kwenye picha, uuhamishe kwenye mkato wenye skeli, na umpelekee mhandisi mapema, kwa sababu mkufu unajua uzito tu na hausemi lolote kuhusu upepo wala tetemeko la ardhi.