Kashata za mama, mizani ya mtoto: maswali kutoka Goma

Barua za safari hii zinatoka kwa watu waliorithi beseni la kashata za karanga na wanataka kulipa sura mpya: karatasi nzuri, ladha nyingine, nafasi kwenye rafu ya duka. Wengi waliuliza kwanza juu ya jina na karatasi. Sisi tumeanza na sufuria, maana huko ndiko makuta (pesa) yanakopotelea.

Nilinunua kipimajoto. Mapishi ya kwenye simu yanasema nipike sukari hadi nyuzi 154. Nikifika hapo kashata inakuwa nyeusi-nyeusi na chungu. Mama hakuwa na kipimajoto na zake zilikuwa nzuri. (Kijana wa Katindo)

Mapishi hayo yaliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Goma iko karibu mita 1,500 juu, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Shira nayo ni hivyo hivyo: ule ukavu ambao mtu wa pwani anaupata kwenye 150, wewe umeshaupata kwenye 145. Ukingoja 154, umepita. Tena sufuria nzito iliyotoka kwenye mbabula ya makala (jiko la mkaa) inaendelea kupanda nyuzi kadhaa hata baada ya kuiepua.

Kabla ya kila pishi, chemsha maji matupu na utie kipimajoto. Kikionyesha 95, toa 5 katika kila namba ya mapishi. Kikionyesha 93, toa 7. Kwa njia hiyo unasahihisha mwinuko na kasoro ya kipimajoto chenyewe kwa mara moja.

Vipimo vya sinia moja ya sentimita 30 kwa 40: karanga zilizokaangwa na kumenywa kilo 1, sukari gramu 700, maji mililita 250, maji ya limao kijiko kimoja cha mezani, chumvi kijiko kimoja cha chai. Epua kwenye 143 hadi 145 (hapa zile 5 za mwinuko zimeshatolewa), mimina karanga zikiwa bado za moto, geuza haraka, sambaza unene wa sentimita 1 kwa chupa tupu iliyopakwa mafuta. Karanga baridi zinaigandisha shira kabla hujasambaza, na hapo utapata mabonge. Una dakika tatu au nne za kukata. Vipande vya sentimita 3 kwa 5 vinatoka 80, kila kimoja gramu 20 hivi.

Mama yako naye alikuwa na kipimo chake: tone la shira kwenye kikombe cha maji baridi. Likivutika kama mpira, bado. Likivunjika kwa mlio, tayari. Kipimo hicho hakijali uko Goma au Mombasa, kwa hiyo usikitupe.

Mara nyingine inageuka mchanga kabisa, kama sukari ya kawaida iliyoshikana. (Mama wa Ndosho)

Mama, uliikoroga. Sukari ikishayeyuka na kuanza kuchemka, mwiko unatoka. Punje moja tu iliyoganda ukingoni mwa sufuria ikirudi ndani inazivuta nyingine zote. Futa kingo kwa brashi iliyolowa maji, au funika sufuria dakika mbili mvuke uzioshe. Limao lina kazi hiyo hiyo: asidi yake inaivunja sehemu ya sukari ili isishikane tena. Lakini ukizidisha hadi vijiko vitatu, kashata haitakauka kamwe. Sufuria iliyokwisha kuwa mchanga haijapotea: ongeza nusu kikombe cha maji, yeyusha, anza upya. Ila karanga zikishaingia, basi. Saga uuze kama unga wa kunyunyizia.

Asubuhi zinavunjika vizuri, jioni dukani zinanata vidole. (Dada wa Himbi)

Kama asubuhi zilivunjika, mapishi hayana kosa. Sukari kavu inanywa unyevu wa hewa, na mji wetu uko kando ya ziwa, mvua haikosi. Makosa ni mawili. La kwanza ni kufunga zikiwa vuguvugu: mvuke unabaki ndani na kurudi juu ya kashata kama jasho. La pili ni kinyume chake, kuziacha wazi masaa matatu mezani ukingoja msaidizi. Subiri zipoe kabisa, nusu saa hivi, kisha funga zote papo hapo.

Karatasi ya mafuta peke yake haizuii unyevu. Inazuia vidole na vumbi tu. Mpe mwenye duka ndoo au kopo lenye mfuniko unaobana, na umwombe asiliache wazi. Hilo litakusaidia kuliko karatasi yoyote ya rangi. Mfuko wa plastiki tusingeujengea biashara: amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 iliukataza, hata kama kila mtu anauona bado sokoni. Karatasi za daftari na gazeti hapana. Wino unahamia kwenye mafuta ya karanga.

Karanga za bei nafuu zilizolowa kidogo safarini, nikizikaanga sana si zinafaa? (Bila jina, Birere)

Hapana, na hapa hatulegezi neno. Karanga iliyolowa na kukaa inaota ukungu, na aina fulani za ukungu huo zinatoa sumukuvu, ambayo inaharibu ini na kuleta saratani yake. Kukaanga kunaua ukungu wenyewe. Sumu inapungua kiasi tu, nyingi inabaki. Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, batamzinga wengi sana walipokufa Uingereza kwa kula chakula kilichotengenezwa na karanga.

Ukifika sokoni Virunga au Kituku, ingiza mkono hadi katikati ya gunia, usinunue kwa kuangalia juu. Karanga kavu inalia ukiitikisa na inavunjika safi ukiiuma. Ikipinda, rudisha. Nyumbani chagua mara mbili: kabla ya kukaanga, toa zilizokunjamana, nyeusi na zilizovunjika, baada ya kumenya, toa zenye doa na zile ambazo hazikubali kutoa ganda. Nunua kilo 1 na gramu 100 hadi 150 ili ubaki na kilo moja safi. Gunia lisikae juu ya sementi, weka mbao chini.

Nauza kipande franga 200, beseni linaisha kila siku, lakini kila mwisho wa mwezi nakopa sukari. (Baba wa Majengo)

Ulituandikia kwamba unahesabu karanga na sukari tu. Tuchukue mfano, wewe uweke bei zako. Karanga 5,500, sukari 2,100, limao na chumvi 200, makala 1,200, karatasi 80 kwa 1,600, usafiri 1,000. Kazi ya masaa mawili, hata kama ni ya mke wako, 4,000. Jumla 15,600. Vipande vinne vimevunjika, umebaki na 76. Ukiuza vyote unapata 15,200. Kwa hesabu yako ya karanga na sukari umefaidi 7,600, kwa hesabu ya kweli umepoteza 400. Beseni kuisha haraka kunaweza kuwa dalili kwamba unawagawia watu mali yako.

Kupandisha hadi 300 kunaleta ugomvi wa chenji. Funga vitatu kwa 1,000: pakiti 25 ni franga 25,000, na karatasi zinapungua. Mwenye duka akitaka 200 kwa kila pakiti, unapokea 20,000 na bado unabaki na 4,400. Mtoto wa shule mwenye 200 usimfukuze. Muuzie kingo na vipande vilivyovunjika, kwa kijiko.

Jambo moja zaidi: sukari ya jumla inafuata dola, wewe unauza kwa franga. Franga za sukari zisilale wiki nzima kwenye kopo. Zigeuze sukari mapema, na zisiingie kwenye likelemba (mchango wa kupokezana).

Kahawa, kakao, tangawizi: nianze na ipi? (Dada wa Himbi tena)

Tangawizi kavu ya unga, kijiko kimoja cha chai kwa sinia, pamoja na karanga. Mbichi ina maji, italainisha kashata. Kahawa ya Kivu iliyosagwa laini sana inafuata, gramu 10. Kakao inaungua upesi, iache mwisho. Moja kwa mwezi, sinia moja kati ya tano, na uandike zilizorudi kutoka dukani.

Na jina na nembo? (Kijana wa Katindo)

Kwa sasa, karatasi ndogo yenye muhuri wa mpira: viungo, uzito, tarehe ya kupika, namba ya simu. Neno KARANGA liandike kubwa, kuna watu wanaozimia kwa kipande kimoja. Duka kubwa likikuita litakuuliza karatasi za OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Nenda kwao ukiwa na sinia kumi mfululizo zenye uzito mmoja.